Kwa nini dawa ya kifua inashindwa: historia ya kijidudu cha nimonia, toka migodi ya Johannesburg hadi Kivu

Katika masoko mengi ya Kivu, kinini zinauzwa moja moja kama pipi. Mama mwenye mtoto anayekohoa anafika na franka zilizobaki baada ya kununua unga na makala. Muuzaji anamhesabia kapsuli nne za amoksisilini, na mama anarudi nyumbani au kampini. Siku mbili baadaye homa imeshuka, dawa imeisha, maisha yanaendelea. Au homa haishuki, na mama anasikia maneno ambayo wengi wanayasema: dawa za siku hizi hazina nguvu tena.

Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Kuna dawa bandia, na kuna dawa zilizoharibika kwa kukaa juani. Lakini hata dawa nzuri, iliyotengenezwa vizuri na kutunzwa vizuri, inaweza kushindwa, kwa sababu kijidudu kinacholeta ugonjwa kimebadilika na dawa haikiui tena. Waganga wanaita jambo hilo usugu. Historia yake ina zaidi ya miaka 100, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea hapa Afrika, kati ya watu waliokuwa wanalala wengi katika chumba kimoja, kama vile familia nyingi zilizohama vita zinavyolala leo.

Kijidudu kinachokaa puani

Nimonia, ugonjwa ambao wazee wengine wanauita kichomi, ina vyanzo vingi. Nyingine inaletwa na virusi, nyingine na bakteria. Kati ya bakteria hao, mmoja amejulikana kwa muda mrefu kuwa muuaji mkubwa kuliko wengine: jina lake ni nimokoki.

Nimokoki aligunduliwa mwaka wa 1881 na watu wawili ambao hawakuwa wanafanya kazi pamoja. Huko Ufaransa, Louis Pasteur alimpata katika mate ya mtoto aliyekufa kwa ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Huko Marekani, mganga wa jeshi George Sternberg alimpata katika mate yake mwenyewe, naye alikuwa mzima. Jambo hilo la pili lilikuwa la maana sana. Lilionyesha kwamba kijidudu hiki kinaweza kukaa katika pua na koo la mtu asiye mgonjwa. Watoto wadogo ndio wanaokibeba zaidi. Kinapita toka mtu mmoja hadi mwingine kwa kukohoa, kwa kupiga chafya, kwa mate na kamasi. Mara nyingi hakifanyi kitu. Lakini mwili ukidhoofika kwa njaa, kwa surua, kwa baridi au kwa moshi, kinaweza kushuka katika mapafu, au kuingia katika damu, au kufika kwenye uti wa mgongo.

Kwa hiyo nimokoki anapenda mambo mawili: msongamano wa watu na miili iliyochoka. Mwanzoni mwa karne ya 20, mahali palipokuwa na mambo hayo mawili kwa wingi palikuwa migodi ya dhahabu ya Johannesburg.

Vyumba vya wachimba dhahabu

Vijana walichukuliwa toka mbali kwenda kuchimba dhahabu ya Witwatersrand. Wengine walitoka Msumbiji, wengine Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Walifika wakiwa wamechoka na safari, wakalazwa wengi wengi katika vyumba vikubwa vya kampuni, wakashuka chini ya ardhi penye joto na kupanda juu penye baridi. Walikufa kwa nimonia kwa wingi, na waliotoka nchi za joto walikufa zaidi. Vifo vilizidi hadi mwaka wa 1913 serikali ya Afrika Kusini ikakataza kampuni kuchukua wafanyakazi toka sehemu zilizo kaskazini ya mstari wa 22 wa ramani. Katazo hilo lilidumu hadi miaka ya 1930.

Kampuni za migodi hazikutaka kupoteza wafanyakazi. Mwaka wa 1911 zilimwita mganga maarufu toka London, Almroth Wright, ajaribu chanjo ya nimonia. Majaribio yake kwa maelfu ya wachimbaji hayakuleta jibu la wazi. Mwaka wa 1912 ilianzishwa Johannesburg taasisi ya utafiti wa tiba ya Afrika Kusini, na nimonia ya wachimbaji ikawa moja ya kazi zake za kwanza. Huko ndiko Spencer Lister alionyesha kwamba nimokoki si wa aina moja. Kuna aina nyingi, na chanjo inayozuia aina moja inaweza isizuie nyingine. Leo aina zinazojulikana zimefika 100 na zaidi.

Kuna majibu mengine ambayo hayakuhitaji maabara: kupunguza watu katika kila chumba, kuwapa chakula bora, kuwapumzisha kabla ya kuanza kazi kali. Hayo yalikuwa yanagharimu pesa, na yalikuja polepole. Jina la taasisi ile ya Johannesburg litarudi mbele katika habari hii.

Onyo la kwanza, kabla ya penisilini

Watu wengi wanafikiri kwamba usugu ulianza na penisilini. Sivyo. Mwaka wa 1912 huko Ujerumani, Julius Morgenroth na wenzake walikuwa wanajaribu dawa iitwayo optokini, iliyotokana na ukoo wa kwinini, kwa kutibu panya waliopewa nimokoki. Waliona kwamba vijidudu vilivyokutana na dawa bila kufa vilianza kuizoea. Mwaka wa 1917 waganga wa Marekani waliona jambo lile lile kwa wagonjwa wa nimonia waliopewa dawa hiyo. Optokini iliachwa, tena ilikuwa inaharibu macho. Lakini onyo lilikuwa limeshatolewa: kijidudu cha nimonia kinaweza kujifunza.

Kwa miaka 20 iliyofuata, mgonjwa wa nimonia alikuwa na bahati yake na nguvu za mwili wake tu, au sindano za seramu zilizokuwa ghali na ngumu kupatikana. Mwaka wa 1938 huko Uingereza ilikuja dawa ya jamii ya salfa, ikaitwa M&B 693. Katika jaribio lililofanywa Birmingham, kati ya wagonjwa 100 waliotibiwa bila dawa hiyo walikufa 27. Kati ya 100 waliopewa, walikufa 8. Watu waliona kama muujiza. Muda si mrefu, nimokoki wasiosikia salfa nao walionekana.

Mwaka wa 1928, mambo mawili katika mji mmoja

Mwaka wa 1928, katika mji wa London, waganga wawili waliona mambo mawili ambayo yangekutana miaka mingi baadaye.

Wa kwanza ni Alexander Fleming. Alikuwa anafanya kazi katika hospitali ya St Mary's, chini ya Almroth Wright, yule yule aliyeitwa na kampuni za migodi. Fleming alikuta ukungu umeota katika kisahani cha bakteria, na karibu na ukungu huo bakteria wamekufa. Maji ya ukungu huo akayaita penisilini.

Wa pili ni Frederick Griffith. Yeye alikuwa anachunguza nimokoki. Alichukua nimokoki wakali, akawaua kwa moto. Akawachanganya na nimokoki wapole waliokuwa hai, akawachoma panya sindano ya mchanganyiko huo. Panya walikufa, na ndani ya damu yao Griffith alikuta nimokoki wakali walio hai. Wapole walikuwa wamechukua kitu toka kwa maiti za wakali, wakawa wakali nao. Mwaka wa 1944, Oswald Avery na wenzake wawili huko New York walionyesha kitu hicho ni nini. Ni DNA, maandishi ya ndani ambayo kila kiumbe anarithi toka kwa wazazi. Nimokoki hawangojei kurithi toka kwa wazazi tu. Wanaokota maandishi ya jirani aliyekufa na kuyatumia kama yao.

Griffith hakuishi kuona maana ya kazi yake. Alikufa mwaka wa 1941, London ilipopigwa mabomu na ndege za Ujerumani. Mwaka huo huo, polisi mmoja wa Uingereza aitwaye Albert Alexander alikuwa amelazwa Oxford, uso wake ukiwa umeoza kwa maambukizi yaliyofika hadi mapafuni. Alikuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa na penisilini iliyosafishwa na kundi la Howard Florey na Ernst Chain. Siku chache tu alianza kupona, akaanza kula. Lakini dawa ilikuwa ndogo mno. Waganga walifikia kuichuja toka mkojo wake na kumpa tena. Ilipoisha kabisa, ugonjwa ulirudi, akafa mwezi wa tatu. Tangu mgonjwa wa kwanza, basi, ilijulikana kwamba dawa inayoisha kabla ya kazi yake kwisha inaweza kumwacha mgonjwa pale pale.

Hadithi ya Fleming

Vita vilipoisha, mwaka wa 1945, Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel. Fleming alitumia siku yake ya heshima kutoa onyo. Alihofu siku ambapo penisilini itauzwa dukani kwa kila mtu. Akatoa mfano wa bwana mmoja asiye na jina. Bwana huyo anaumwa koo. Ananunua penisilini mwenyewe na kutumia kiasi kidogo, kisichotosha kuua vijidudu ila kinachotosha kuvifundisha. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, na penisilini haifanyi kazi. Mke anakufa. Fleming akauliza nani aliyemuua, na jibu lake lilikuwa kwamba ni yule mume aliyechezea dawa.

Hadithi hiyo ilikuwa ya kubuni. Kijidudu alichokitaja Fleming, kile cha kuumwa koo, hadi leo bado kinauawa na penisilini. Lakini kwa nimokoki, jirani yake wa karibu, onyo lilitimia.

Kuna neno la kuongeza. Bwana wa Fleming alikuwa na pesa na alichagua kutumia dawa kidogo. Mama anayenunua kapsuli nne sokoni mara nyingi hakuchagua. Kituo cha afya kiko mbali, au kimeporwa, au kinadai pesa ambazo hana. Kijidudu hakijui tofauti hiyo, ila watu wanaotafuta dawa ya tatizo hili lazima waijue.

Jinsi kijidudu kinavyokwepa

Penisilini na ndugu zake, kama amoksisilini, zinaua bakteria kwa kushika vyombo ambavyo bakteria anatumia kujenga ukuta wa mwili wake. Vyombo vikishikwa, ukuta haujengwi, bakteria anapasuka. Ni kama ufunguo unaoingia katika kufuli.

Nimokoki sugu amebadilisha kufuli. Na hakuibadilisha peke yake. Katika kinywa cha kila mtu kuna bakteria wengine wapole, ndugu wa mbali wa nimokoki. Kila mara mtu anapomeza antibiotiki, hata kwa ugonjwa usiohitaji antibiotiki, wale wapole nao wanakutana na dawa. Wengine wanaizoea. Nimokoki anaokota vipande vya maandishi yao, kwa njia ile ile aliyoiona Griffith mwaka wa 1928, na kuviunga na vyake. Polepole anapata kufuli ambayo ufunguo hauingii vizuri.

Hapa kuna jambo ambalo wasikilizaji wengi hawalijui. Anayekuwa sugu ni kijidudu, si mtu. Mtoto ambaye hajawahi kumeza antibiotiki hata moja anaweza kupata nimonia sugu, kwa sababu kijidudu kilijifunza katika pua ya mtoto mwingine. Ndiyo maana matumizi ya dawa katika hema moja yanagusa hema la jirani.

Toka Australia hadi Durban

Mwaka wa 1967, waganga wa Australia walitangaza kwamba wamekuta kwa mgonjwa mmoja nimokoki asiyesikia penisilini vizuri. Muda mfupi baadaye wengine walikutwa Papua New Guinea, nchi ya visiwa na milima iliyo kaskazini ya Australia. Waganga wengi duniani walisoma habari hiyo na kuendelea na kazi zao. Ilionekana kama jambo la mbali.

Mwaka wa 1977 halikuwa la mbali tena. Huko Durban, Afrika Kusini, watoto walifika hospitali na nimokoki asiyesikia penisilini wala kloramfenikoli, dawa mbili zilizokuwa tegemeo la waganga kwa uti wa mgongo na nimonia kali. Kuna waliokufa. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, Johannesburg ilipata hali mbaya zaidi: nimokoki asiyesikia dawa nyingi kwa mara moja, pamoja na tetrasiklini na eritromisini. Uchunguzi ulifanywa na watu wa taasisi ile ile iliyoanza na nimonia ya wachimba dhahabu. Walipima pua na koo za watu hospitalini. Walikuta watoto wengi waliolazwa wanabeba kijidudu hicho bila kukiugua, na wafanyakazi wachache pia. Wodi za watoto zilikuwa zimechukua nafasi ya vyumba vya wachimbaji: watu wengi, kitanda karibu na kitanda, dawa nyingi zikitumika.

Baada ya hapo usugu ulionekana nchi baada ya nchi. Aina moja sugu iliyokuwa nyingi Hispania ilifika Iceland, kisiwa cha baridi kaskazini mwa Ulaya. Mwaka wa 1993, karibu nimokoki 1 kati ya 5 waliopimwa kule walikuwa wamepunguza kusikia penisilini. Wakuu wa afya wa Iceland walifanya kampeni kali: waganga waliombwa wasiandike antibiotiki kwa kila kikohozi cha mtoto, na wazazi walielezwa sababu. Matumizi yalipungua. Usugu ukaacha kupanda, ukaanza kushuka. Kwa hiyo mlango uliofunguka unaweza kurudishwa, hata kama haufungiki wote.

Kuhesabu pumzi

Lakini kupunguza dawa ovyo kuna hatari yake. Nimonia bado inaua watoto zaidi ya laki saba wenye umri chini ya miaka 5 kila mwaka duniani, na Kongo ni moja ya nchi zenye vifo vingi zaidi. Wengi wanakufa kwa kukosa antibiotiki, si kwa kuzitumia mno. Swali gumu ni hili: mtoto gani anaihitaji, na yupi haihitaji?

Jibu lilitoka Papua New Guinea, nchi ile ile iliyokuwa kati ya za kwanza kuona usugu. Huko Goroka, mganga wa watoto Frank Shann na wenzake walitafuta njia ambayo muuguzi wa kijijini angeweza kuitumia bila mashine ya picha na bila maabara. Waliona kwamba kikohozi peke yake hakisemi kitu. Kinachosema ni pumzi. Mtoto mwenye nimonia anapumua haraka. Akizidiwa, sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta pumzi.

Shirika la Afya Duniani lilichukua njia hiyo katika miaka ya 1980 na kuisambaza. Hadi leo ndiyo inayotumika. Mtoto ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Toka miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Toka mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Mtoto anayekohoa na kutoa kamasi lakini anapumua kawaida, mara nyingi ana mafua ya virusi. Antibiotiki haiui virusi. Kumpa ni kutupa pesa na kufundisha vijidudu vya pua yake.

Katika vijiji na kampi nyingi za Kongo, RECO, wale wajitoleaji wa afya wa mtaani, wamefundishwa kuhesabu pumzi hivyo. Mtoto anayepumua haraka anapewa vidonge vya amoksisilini vinavyoyeyuka katika maji, kwa siku zilizopangwa. Mtoto ambaye kifua kinaingia ndani anapelekwa kituoni. Vidonge hivyo vilichukua nafasi ya kotrimoksazoli, ambayo ilitumika miaka mingi hadi nimokoki wengi wakaizoea.

Kivu nayo

Goma inajua usugu tangu zamani, ingawa wengi walikuwa hawajui jina lake. Mwezi wa saba mwaka wa 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika katika mji na pembeni yake, kipindupindu na kuhara damu viliua watu. Karibu watu elfu 50 walikufa katika mwezi wa kwanza. Waganga walipopima vijidudu hivyo, walikuta vile vya kuhara damu havisikii dawa nyingi zilizokuwepo, na vile vya kipindupindu havisikii tetrasiklini. Hiyo ilikuwa ya tumbo, si ya kifua. Lakini wazee waliokuwepo wanakumbuka somo lenyewe: dawa ilikuwepo, na watu walikufa nayo mkononi.

Kwa upande wa kifua, watafiti wa Hospitali ya Panzi ya Bukavu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Gothenburg huko Sweden, walipima pua za watoto wazima wa Kivu Kusini katika miaka ya 2010. Walikuta nimokoki, na sehemu kubwa ya nimokoki hao walikuwa wamepunguza kusikia penisilini na dawa nyingine za kawaida. Watoto hao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wanacheza nyumbani kwao, kama Sternberg alivyokuwa mzima na kijidudu katika mate yake.

Kupunguza kusikia si sawa na kutosikia kabisa. Kwa nimonia nyingi, amoksisilini ya kipimo cha kutosha bado inamponya mtoto. Hiyo ndiyo sababu kipimo kamili kina maana. Kapsuli nne za kugawana kati ya watoto wawili zinaweza zisiwafikishe popote, wakati dawa hiyo hiyo katika kipimo chake ingewaponya.

Chanjo, jibu lililozaliwa na migodi

Ile kazi ya Lister ya kutenganisha aina za nimokoki haikupotea. Miaka ya 1970 chanjo mpya ilijaribiwa tena kwa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini na Robert Austrian, mganga wa Marekani, na mara hii ikafaulu. Lakini chanjo hiyo haikuwafaa watoto wachanga. Chanjo ya watoto ilikuja mwaka wa 2000.

Jaribio moja kubwa lilifanywa Soweto, pembeni ya Johannesburg, kwa watoto karibu elfu 40. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2003 na Keith Klugman na wenzake. Kati ya watoto wasio na virusi vya UKIMWI na wale walio navyo, chanjo ilipunguza magonjwa makali ya nimokoki. Na kulikuwa na faida nyingine: magonjwa makali yaliyoletwa na nimokoki sugu yalipungua kwa karibu theluthi mbili. Sababu ni rahisi. Chanjo haijali kama kijidudu kinasikia dawa au hakisikii. Tena mtoto ambaye hakuugua hakuhitaji antibiotiki, na kila antibiotiki isiyotumika bure ni somo moja ambalo kijidudu kimekosa.

Kongo iliingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto mwaka wa 2011. Inatolewa bure, mara tatu: wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14. Watafiti wa Bukavu waliona baadaye kwamba watoto wanaolazwa na nimonia kali walipungua. Vita vinavunja kazi hiyo. Familia inapokimbia, karatasi ya chanjo inapotea, friji ya kituo inazimika, mtoto anakosa sindano ya pili au ya tatu. Mtoto aliyekatishwa si lazima aanze upya. Mzazi akifika katika kituo chochote cha afya, hata kama hana karatasi, aeleze, na muuguzi ataangalia ni sindano gani imebaki.

Kinachobaki mikononi mwa familia

Toka vyumba vya wachimbaji hadi wodi za Johannesburg, hadi hema za turubai juu ya mawe ya volkano, nimokoki amefuata njia ile ile: watu wengi mahali padogo, miili iliyochoka, dawa isiyo na mpango. Mengi ya hayo si makosa ya familia. Nafasi ya kulala, chakula, dawa ya bure kituoni na amani ni deni la serikali na la wale wanaopigana. Mama hawezi kulipa deni hilo kwa kapsuli nne.

Hata hivyo kuna mambo machache ambayo familia inaweza kufanya, na kila moja lina historia nyuma yake. Kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama tu hadi miezi 6. Kuweka mbabula nje au karibu na mlango, ili moshi wa makala na kuni usijae ndani. Kunawa mikono, na kufunika mdomo wakati wa kukohoa. Kufuata sindano za chanjo. Mtoto akikohoa, kumhesabia pumzi au kumwita RECO amhesabie, kabla ya kukimbilia meza ya dawa sokoni. Muuguzi akitoa antibiotiki, kuimaliza kwa siku alizosema, bila kugawa nusu kwa jirani, bila kuweka akiba kwa kikohozi kingine.

Na kuna dalili ambazo hazingojei kesho. Mtoto ambaye kifua kinaingia ndani, ambaye hawezi kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, anayeshikwa na degedege, au aliyelegea asiyeamka vizuri, apelekwe kituo cha afya saa ile ile, hata usiku. Kwa mtoto wa namna hiyo amoksisilini ya sokoni haitoshi, iwe kijidudu ni sugu au si sugu.